Sigara za Cuba: Je, inafaa Muislamu kuzionja na kuzihifadhi?

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Kilole, Korogwe

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu msomaji, yapo maswali ambayo mwalimu akiulizwa kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni ya mzaha. Mmoja wa vijana niliowasomesha, ambaye hivi sasa anafanya kazi hotelini mjini Arusha, ameniletea masuala matatu kwa mpigo. Mgeni mmoja alipokuwa akiondoka alimpa zawadi ya sanduku la sigara nene za Cuba, zile ambazo kamusi zetu huziita biri. Akamwambia kuwa akizitunza vizuri kwa miaka kumi, ladha yake itazidi kuwa nzuri na bei yake itapanda.

Kijana anauliza: Kwanza, je, ni vibaya kuonja moja tu, ili ajue hicho kinachosifiwa na matajiri? Pili, je, anaweza kuzihifadhi aje aziuze, kama mtu anavyohifadhi dhahabu? Tatu, kwa kuwa anaona kuna faida, je, achukue fedha ambazo mkewe ameziweka katika kikoba anunue masanduku mengine mawili?

Suala la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nyuma ya suala hilo kuna ada za watoto na jasho la mama anayeamka alfajiri kukaanga vitumbua. Aidha, kijana huyu si peke yake. Katika miji yetu, sigara nene imeanza kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa. Vijana wanaiona katika filamu na katika picha za wasanii, na wengi wanaamini kuwa ni kitu safi kuliko sigara ya kawaida. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kwa elimu, bila ya jazba na bila ya kumtukana mtu.

BIRI NI KITU GANI?

Tumbaku asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 1492 watu wawili wa msafara wa Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waliwakuta wenyeji wa kisiwa cha Cuba wakivuta moshi wa majani yaliyovingirishwa. Mpaka leo majani yanayosifiwa zaidi hutoka katika eneo la Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa hicho.

Sigara ya kawaida ni tumbaku iliyokatwakatwa na kufungwa kwa karatasi. Biri ni majani matupu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la juu lililo laini kama koti. Majani hukaushwa katika mabanda, kisha hulundikwa marundo makubwa yenye unyevu ili yachache. Rundo hupata joto lenyewe, na hewa kali ya amonia hutoka. Baada ya hapo majani huwekwa muda mrefu kabla ya kuvingirishwa kwa mkono.

Tangu mwaka 1994, biri zote za Cuba zinazouzwa nje zimekuwa zikiuzwa na kampuni moja, Habanos S.A. Chapa yake maarufu, Cohiba, ilianzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wa serikali yake, na iliingia sokoni mwaka 1982. Mwaka 1962 Rais Kennedy wa Marekani aliiwekea Cuba vikwazo vya biashara. Katibu wake wa habari, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kuwa kabla ya kutia saini Rais alimtuma amtafutie biri za Cuba, naye akarudi na 1,200. Tazama maumbile ya mwanadamu! Kitu kikishakuwa adimu, hamu yake huongezeka, hata kama kitu chenyewe hakijabadilika.

Ama kuhusu kuzizeesha, wapenzi wa biri huziweka katika kasha la mbao za Cedrela, mti ambao hata hapa nchini umepandwa na unaonekana katika msitu wa Kimboza kule Morogoro. Ndani ya kasha huwekwa unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na ubaridi wa nyuzi kama 16 hadi 20. Miaka ikipita, ukali hupungua na harufu hutulia.

Sisi ni umma wa uadilifu, na Qur'an (5:8) inatuamrisha tuwe waadilifu hata kwa tusiowapenda. Kwa hiyo tukiri kuwa katika hili la ladha wapenzi wa biri hawasemi uongo. Jani lililokaa miaka mingi huwa laini mdomoni kuliko jani bichi. Lakini je, ladha ikiwa laini, madhara nayo yamekwisha?

JE, UZEE UNAONDOA SUMU?

Mtu anaweza kukisia kuwa tumbaku ni kama muhogo mchungu. Sisi watu wa Tanga tunajua kuwa muhogo mchungu ukimenywa, ukavundikwa na kuanikwa, sumu yake hupungua na watu wakala ugali wakashiba. Tumbaku sivyo ilivyo. Kinachopungua ni ile amonia inayowasha pua. Nikotini, ambayo ndiyo inayomfunga mtu, haiondoki kwa kuwekwa kasha zuri. Zaidi ya hayo, kule kuchachusha majani huzalisha kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, na moshi wa biri unazo nyingi kuliko wa sigara ya kawaida. Kisha lami na hewa ya kaboni monoksaidi huzaliwa pale jani linapoungua. Jani la mwaka mmoja likiwashwa hutoa lami, na la miaka 20 likiwashwa hutoa lami vilevile.

Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa kitabu kizima kuhusu biri mwaka 1998. Wakati sigara ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu moja, biri kubwa huwa na gramu 5 hadi 17, na nyingine huwa na tumbaku inayolingana na pakiti nzima ya sigara.

Wenye kuitetea biri husema: "Sisi hatuuvuti moshi hadi mapafuni." Ni kweli wengi hawauvuti. Lakini moshi wa biri una tabia ya magadi, kwa hiyo nikotini yake hupenya kupitia ngozi ya ndani ya mdomo bila ya kuhitaji mapafu. Mzee anayetafuna tumbaku kwa chokaa analijua jambo hili bila ya kwenda maabara: hameshi moshi wowote, na bado kichwa kinampanda. Ndiyo maana wavutaji wa biri hupata saratani za mdomo, koo na umio. Na aliyekaa naye sebuleni, mke na watoto, wao huuvuta moshi huo mapafuni bila ya hiari yao.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta wanaokaa karibu na wavutaji. Fidel Castro mwenyewe, ambaye Cohiba ilitengenezwa kwa ajili yake, aliacha kuvuta mwaka 1985 ili awe mfano katika kampeni ya afya ya nchi yake. Aidha, kila mwaka katika tamasha la biri mjini Havana hufanyika mnada wa makasha ya fahari, na fedha zake huelekezwa katika huduma za afya za Cuba. Yaani moshi unauzwa ili kugharamia hospitali! Mwenye akili atalizingatia hilo.

WANAZUONI WALISEMA NINI?

Tumbaku haikuwepo zama za Mtume (SAW), wala zama za maimamu wanne. Iliingia katika nchi za Kiislamu kuelekea mwaka 1000 Hijria. Kwa hiyo wanazuoni walilazimika kufanya ijtihadi, na walitofautiana. Ni vizuri msomaji ajue hivyo, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa suala hili halikuwahi kuwa na maneno.

Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri, wa madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 1041 Hijria, aliandika kuwa ni haramu. Sheikh Ali al-Ujhuri, naye wa Maliki na wa Misri hiyohiyo, aliandika kuwa inajuzu kwa asiyedhurika. Al-Qalyubi wa madhehebu yetu ya Shafi aliiharamisha. Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, wa madhehebu ya Hanafi, aliandika kitabu cha kuitetea. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya aliipiga marufuku mwaka 1633 kwa adhabu kali, na bado watu waliendelea kuvuta kwa kificho.

Je, kilichowatofautisha ni nini? Ukisoma hoja zao utaona kuwa hawakutofautiana katika kanuni. Wote walikubali kuwa kinachodhuru mwili hakifai. Walitofautiana katika uhakika wa mambo: je, moshi huu unadhuru au haudhuru? Wakati ule matabibu wenyewe walikuwa hawajakubaliana, na wengine waliiuza tumbaku kama dawa. Aliyeiruhusu aliiruhusu kwa sharti kuwa haidhuru. Leo sharti hilo limeanguka. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama zetu, wakiwemo Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, Sheikh Yusuf al-Qaradawi, na Mufti wa Misri Sheikh Nasr Farid Wasil katika fatwa yake ya mwaka 1999, wamesema kuwa uvutaji ni haramu. Wapo wachache waliobaki katika kauli ya karaha, na tunawaheshimu. Lakini hata karaha si jambo la kujifaharisha nalo.

Dalili wanazozitumia zinajulikana. Qur'an inatukataza tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu (2:195) na tusiziue nafsi zetu (4:29). Inamsifu Mtume (SAW) kuwa anawahalalishia watu vizuri na kuwaharamishia vichafu (7:157). Inawaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani (17:27). Na katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Ibn Majah, Mtume (SAW) aliweka kanuni kuwa hakuna kujidhuru wala kudhuru wengine. Aidha, katika Bukhari na Muslim, aliyekula kitunguu saumu aliambiwa asiukaribie msikiti kwa ajili ya harufu yake. Kitunguu ni chakula halali chenye faida. Basi moshi wa biri, ambao hukaa katika kanzu siku mbili, una hali gani?

"NAONJA MARA MOJA TU"

Sasa turudi katika suala la kwanza. Sitamwambia kijana huyu kuwa akivuta biri moja atapata saratani kesho. Huo ungekuwa uongo, na da'awa haijengwi kwa uongo. Ninachomwambia ni mambo matatu.

La kwanza, kitu kikishakuwa na hukumu ya kukatazwa, kidogo chake hakifunguliwi mlango kwa sababu ya udadisi. Udadisi si dharura. La pili, hakuna mvutaji aliyeanza kwa kukusudia kuvuta miaka 30. Wote walianza kwa moja. Nikotini ina nguvu ya kumtawala mtu, na mwenye kuionja hajui kama yeye ni wa kuponyoka au wa kunaswa. La tatu, yeye ni baba. Mtoto akimwona baba ameshika biri katika picha, hatasoma chini yake maelezo kuwa ilikuwa mara moja tu.

Kuna wanaoleta hoja ya watu mashuhuri. Picha ya Che Guevara na biri yake imechorwa katika fulana na hata katika daladala zetu. Mtu huyu alipita Dar es Salaam mwaka 1965 akielekea Kongo, na alirudi akakaa humo miezi kadhaa. Wengi hawajui kuwa alikuwa mgonjwa wa pumu tangu utotoni. Picha huonyesha moshi tu, haionyeshi kifua kinavyobana usiku.

KUHIFADHI KAMA MALI

Suala la pili ni la biashara. Kanuni ya fiqhi ni kuwa Allah akiharamisha kitu, huharamisha na thamani yake, na maana hii imepokewa katika hadithi kwa Abu Daud. Asiyevuta lakini anasubiri kumuuzia mvutaji, anafanya nini? Anangoja miaka kumi ili mtu mwingine ajidhuru kwa bei kubwa zaidi. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja ataulizwa Siku ya Kiyama kuhusu mali yake maswali mawili: ameichuma wapi na ameitumia katika nini.

Hata tukiweka dini kando kwa dakika moja tukapiga hesabu za dunia, mpango huu haushiki. Biri za Cuba ni miongoni mwa bidhaa zinazoghushiwa sana duniani, na mtu wa Korogwe hana njia ya kuhakikisha kama sanduku la pili na la tatu ni la kweli. Hali ya hewa yetu ni ya joto karibu mwaka mzima. Ili kasha libaki katika nyuzi 18 kwa miaka kumi anahitaji mashine ya ubaridi na umeme usiokatika. Joto likipanda, mayai ya fukusi wa tumbaku yaliyomo ndani ya majani huanguliwa, na wadudu hao hutoboa sanduku zima. Kisha, akitaka kuuza, atamuuzia nani hapa Kilole? Bei ziliyopanda sana, kama zile za Cohiba mwaka 2022, zilipandishwa na kampuni inayouza, nazo humnufaisha zaidi aliye karibu na soko la matajiri.

Mbuzi wawili wanazaa. Mche wa mchungwa unazaa. Shamba la mkonge, ambalo Korogwe imelijua kwa zaidi ya miaka 100, linakatwa na kuuzwa. Sanduku la biri halizai ila wasiwasi.

VIPI KUHUSU MKULIMA NA MUUZA DUKA?

Msomaji anaweza kusema: "Mwalimu, unamlaumu kijana wa hoteli, na huko Tabora Waislamu wanalima tumbaku?" Hii ni hoja ya haki na haifai kuikwepa.

Tumbaku ni miongoni mwa mazao makuu ya biashara ya nchi yetu. Inalimwa Urambo, Kaliua, Sikonge, Chunya, Kahama, Namtumbo na kwingineko. Hata milima yetu ya Usambara ina historia yake: Richard Burton, aliyefika Vuga kwa Kimweri mwaka 1857, aliandika habari za tumbaku ya Usambara iliyotwangwa, ikafinyangwa mviringo na kupelekwa pwani. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu wala halikuletwa na watalii.

Mkulima wa Kaliua hakukaa akachagua tumbaku kati ya mazao kumi yenye soko. Alikuta chama cha msingi, mbolea ya mkopo na mnunuzi mmoja mmoja. Yeye mwenyewe anadhurika: majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini katika ngozi ya mikono yake, na miombo inakatwa kwa ajili ya kuni za kukaushia. Mtu wa namna hii hahitaji kutukanwa mimbarini. Anahitaji zao mbadala, soko na muda wa kuhama hatua kwa hatua, na hilo ni jukumu la umma mzima na la wenye mamlaka. Naye muuza duka wa mtaani anayeuza sigara moja moja aanze na lililo wazi: sheria ya nchi ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Akishaweza hilo, aangalie ni sehemu gani ya pato lake anayoweza kuiacha kwa ajili ya Allah, kwani mwenye kumcha Allah humjaalia njia ya kutokea (65:2).

Lakini tofauti ya kijana wetu na mkulima huyu ni kubwa. Mkulima yumo ndani na anatafuta mlango wa kutokea. Kijana yuko nje, na anabisha hodi aingie.

AFANYE NINI?

Nilimjibu hivi, na ninamjibu kila aliye katika hali kama yake. Sanduku alilopewa hakulinunua, basi asione kuwa amepata hasara akiliharibu. Asimpe jamaa anayevuta kwa kisingizio kuwa "yeye ameshazoea", kwani kusaidiana katika madhara kumekatazwa (5:2). Mgeni aliyempa tunamshukuru kwa nia yake, kwa sababu alimpa kile anachokiona kuwa ni kizuri.

Ama fedha za kikoba, jibu ni fupi. Fedha ile si yake. Katika Uislamu mali ya mke ni ya mke, na mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake ya kweli, si ridhaa ya kuogopa kununa. Hata kama bidhaa ingekuwa tende za Madina, angepaswa kumuomba na kumweleza hatari ya biashara ile. Je, itakuwaje kwa biri?

Kwa ndugu zetu ambao tayari wamenaswa, iwe ni kwa biri, sigara, shisha, ugoro au kuberi, wasikate tamaa. Mvutaji ni ndugu yetu, tunaswali naye safu moja. Kila mwaka tunapata mwezi wa Ramadhani, na wanazuoni wanasema kuwa kuvuta kwa kusudi kunabatilisha funga. Mtu aliyeweza kukaa bila ya moshi kuanzia alfajiri hadi magharibi kwa siku 29 au 30 amekwishajithibitishia kuwa anaweza. Kinachobaki ni yale masaa ya usiku. Ayagawe: aanze kuacha baada ya futari, kisha baada ya tarawehe, kisha baada ya daku. Amwambie mkewe na rafiki mmoja wamsimamie. Aende hospitali, kwani wapo wataalamu wa kumshauri. Akiteleza siku moja, arudi siku ya pili. Ile pesa ya pakiti aitie katika kopo kila siku, na mwisho wa mwezi aihesabu mbele ya watoto wake.

Tunamuomba Allah (SW) atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake, na azilinde afya zetu na mali za familia zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.